Athanas Olima na Mdundo wa Pampu

Ndugu waombolezaji, Mchungaji Heche, wazee wetu, shikamooni, majirani wa Sirari, na nyinyi mliovuka kutoka Isebania na Migori, kabla familia haijaanza kusoma historia hii, inaona ni haki kuomba radhi kwa jambo lililotokea jana alasiri hapa hapa mlangoni wakati jeneza linaingizwa ndani. Mdogo wake marehemu, Ochieng, ambaye ndiye msomaji aliyesimama mbele yenu, alikuwa amepewa kazi moja tu, ya kuunganisha spika ili mchungaji asikike hadi barabarani, naye kwa kujiamini kwa mtu aliyeendesha malori hadi Lubumbashi, Lusaka na Juba, akaweka kiwiko juu ya kinanda cha marehemu, akakigonga kile kitufe cha wimbo wa maonyesho, ule ambao kiwanda huuweka ili kumtega mnunuzi dukani, na jeneza la kaka yake likapita mlangoni kwa muziki wa kufurahisha watoto, huku yeye akibonyeza kila kitufe kinachowaka taa, na kila kitufe kikiongeza ala nyingine, kwanza tarumbeta, kisha kengele, kisha makofi.

Shangazi yetu Adero ndiye aliyeokoa jahazi, kwa sauti iliyofika mpaka geti la forodha, "Chomoa waya, Ochieng! Lori nalo huwa unalizima kwa kulibembeleza?" Waya ukachomolewa. Mchungaji alikohoa, wabebaji walitazama chini wasione nyuso za wenzao, na familia inawashukuru wote waliojizuia, pamoja na wale wawili walioshindwa wakaenda kucheka nyuma ya banda la ng'ombe.

Marehemu Athanas Olima Owiti alizaliwa tarehe 4 Aprili 1962 hapa Sirari, akiwa mtoto wa pili wa mzee Owiti, mkulima na mfanyabiashara wa mahindi, na mama Aoko, wote wawili wametangulia mbele za haki. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakutambaa kama watoto wengine, alilala, akakaa, halafu siku moja akasimama na kuondoka, na tangu hapo familia ilikuwa ikimtafuta, mara yuko kwa fundi baiskeli, mara yuko chini ya meza ya wabadilisha fedha akisikiliza redio yao kwa nyuma, maana yeye redio hakuisikiliza mbele kama watu, aliisikiliza kwa upande wa nyuma ambako kuna joto na taa ndogo.

Alisoma shule ya msingi hapa Sirari kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza darasa la saba, akapelekwa Migori kwa mjomba wake kujifunza ufundi wa redio, na mwanzoni mwa mwaka 1977 mpaka ukafungwa akiwa upande wa pili. Wengine walipita kwa njia za panya kurudi nyumbani, yeye akaenda mbele zaidi, hadi Kisumu, ambako alitengeneza redio mchana, na jioni akapata nafasi katika bendi ya hoteli moja, kwanza kama fundi wa nyaya, kisha mpiga kinanda mwenyewe alipolemewa na usingizi mara nyingi kupita kiasi, Athanas akakalia kiti chake. Bendi ile ilikuwa na mashine ya ngoma, kisanduku cha Kijapani chenye mbao ubavuni, chenye vitufe vya rumba, vya walsi na vya cha-cha, unachagua, kinapiga chenyewe mpaka ukizime, na bendi ilipovunjika marehemu hakudai chochote isipokuwa kisanduku hicho.

Mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1983 akarudi nacho begani kikiwa ndani ya gunia, na upande wa Isebania afisa mmoja akamsimamisha. "Sasa wewe, hii boksi ni ya nini?" Marehemu akajibu kwamba ni mpiga ngoma. "Mikono yake iko wapi?" "Imebaki Kisumu, afande." Afisa akalizunguka gunia mara moja, akamwambia apite upesi kabla hajalifikiria vizuri jambo hilo.

Sasa ndugu waombolezaji, mtu akiuliza Athanas Olima aliishi kwa ajili ya nini, familia haitazunguka, itasema kwamba aliishi akitafuta mdundo mmoja tu, ambao mke wake, shemeji yetu Robi, angeweza kuucheza, na historia iliyobaki yote inaelezea hilo.

Mwaka 1989 dhahabu ilikuwa imewaita watu Nyamongo kutoka kila upande, kutoka Tarime, Serengeti, Musoma, Migori, mpaka kutoka kusikojulikana, mahema yakaota kama uyoga, na marehemu akaenda, lakini hakwenda na sururu, alikwenda na kile kisanduku, spika mbili na sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, aliyoinunua Kisumu baadaye, yenye vifundo vingi mbele kama kifua cha jenerali. Akafungua ukumbi wa mabati karibu na shimo la mtu mmoja aitwaye Werema, mwenye shimo na mwenye jenereta, nao wakapatana kwamba Werema atatoa umeme na Athanas atawapigia muziki wachimbaji wake bila kiingilio. Wachimbaji wakacheza, maana mtu aliyetoka shimoni akiwa hai hucheza hata kengele ya shule.

Mtu ambaye hakucheza alikuwa Robi, binti wa mzee Machage wa Machochwe, aliyekuwa akiuza makande na chai mlangoni pa ukumbi, akisimama amekunja mikono kama anayesubiri gari lililochelewa. Baba yake alikuwa mpiga litungu, ala ya nyuzi ya kwao, anayejulikana Serengeti nzima, na masikio ya binti huyo yalikuwa yamelelewa kwa nyuzi. Athanas alimwona siku ya kwanza, akapiga rumba, akapiga walsi, akapiga kila alichonacho, Robi akageuza makande. Akamfuata, akamuuliza kwa adabu tatizo ni nini.

"Huyo mpigaji wako anatembea kama askari wa gwaride," Robi akamwambia. "Kushoto kulia, kushoto kulia. Mimi si gwaride."

"Mama, ni mashine. Haikosei hata mara moja."

"Ndiyo hivyo nasema. Kula makande, yanapoa."

Tangu hapo marehemu hakutulia tena, na kwa mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutulia, mtaelewa hali ilivyokuwa. Wachimbaji mia wakimshangilia yeye alikuwa akitazama mlangoni, alihamisha spika, akabadilisha sauti za sintesaiza, akaongeza filimbi, akatoa filimbi, na Robi aliendelea kuhudumia wateja.

Ikawa Jumapili moja ya masika ya mwaka 1990, mchana kweupe, mvua ilikuwa imejaza maji shimoni kwa Werema, na vijana wake wakaifunga pampu kubwa ya kutoa maji kwenye jenereta ile ile ya ukumbi. Kile kisanduku cha zamani hakikuwa na akili ya kushika mwendo wake chenyewe kama mashine za siku hizi, kilitegemea umeme unaokifikia, umeme ukilegea nacho kinalegea. Pampu ikawa inashika na kuachia, na kila iliposhika, jenereta iliguna, na mdundo ukalemea mguu mmoja, kama mwanamke mwenye ndoo kichwani anayevuka mfereji, halafu ukaharakisha kidogo kuwafikia wenzake. Wachimbaji walipoteza hatua, wawili wakagongana. Robi akaweka mwiko chini. Akaingia ukumbini na aproni yake, akatikisa mabega polepole kama wanavyocheza kwao, mguu wake wa kushoto ukiingoja pampu, wa kulia ukiitangulia, na watu wakampisha katikati.

Ndugu zangu, marehemu alikuwa na jambo alilolitamani kuliko dhahabu yote ya Nyamongo, likamjia lenyewe, likasimama mbele yake na aproni, na yeye hakuliona, kwa sababu alikuwa ameinamisha uso juu ya mashine kwa aibu, akigonga gonga ubavu wa kisanduku, akiamini kimeharibika mbele ya yule yule mtu ambaye alitaka asikie kikiwa kizima. Akakizima katikati ya wimbo, akawaomba watu radhi, na Jumatatu alfajiri akapanda gari kwenda Kisumu.

Alirudi na mashine mpya ya dijitali, yenye akili, isiyojali umeme umeshuka au umepanda, pamoja na stabilaiza ya kutuliza umeme, nzito kama jiwe la kusagia, na kile kisanduku cha mbao alikuwa amekiacha dukani kama sehemu ya malipo. Akaifunga, akaiwasha, mdundo ukatoka umenyooka kama rula. Robi alisikiliza kidogo, akauliza, "Umeifanya nini?"

"Nimeitengeneza."

"Ilikuwa nzima. Basi nenda kaiharibu tena."

Hapo ndipo wachimbaji walipomweleza kilichotokea nyuma yake siku ile, mmoja baada ya mwingine, kwa furaha ya watu wanaomwambia mwenzao kwamba samaki mkubwa alipita katikati ya miguu yake. Akarudi Kisumu, lakini kisanduku kilikuwa kimenunuliwa na mtu aliyekwenda nacho Kampala, akaenda Kampala, akaambiwa Kigali, akaishiwa nauli, akarudi.

Hata hivyo Robi alimkubali, na alipoulizwa na wenzake kwa nini anaolewa na mtu anayepiga gwaride, alisema kwamba mwanaume aliyekwenda Kampala kutafuta kosa lake mwenyewe si mtu wa kuachwa hivi hivi. Ng'ombe walipelekwa Machochwe, na mzee Machage, akimtazama mkwe ambaye hakuweza kukaa kwenye kigoda bila kugonga vidole, akamuuliza binti yake mbele ya wageni, "Huyu atakaa?" Robi akajibu, "Hapana, tata. Lakini huwa anarudi." Wakafunga ndoa ya kanisani tarehe 14 Septemba 1991, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sarah, aliyezaliwa mwaka 1992, marehemu akiwa Mwanza kuangalia mashine, na Elia, aliyezaliwa mwaka 1995, marehemu akiwa Nairobi kuangalia mashine. Shemeji alikuwa akiwaambia majirani bila uchungu mwingi, "Mke mwenzangu ana nyaya," na alikuwa akimfungashia makande ya safari.

Mwaka huo wa 1995 shimo la Werema lilijaa maji moja kwa moja likaachwa, pampu ikauzwa, na marehemu akahamishia shughuli zake hapa Sirari, akawa fundi wa vinanda vya makanisa kuanzia hapa mpaka Mugumu, na wanakwaya wengi mliopo hapa mmeimbia ngoma alizozipanga yeye. Lakini kazi yake halisi ilibaki ile ile. Alisogeza kila pigo kwa mkono, moja nyuma kidogo, jingine mbele kidogo, akampigia mke wake, akaambiwa, "Huyu sasa amelewa." Akafunga mashine yake kwenye jenereta ya kinu cha kusaga unga kule Issenye, akihesabu kwamba mahindi yakiingia mengi umeme utalegea, na kwa juma zima akina mama waliokuja na madebe ya mahindi walikuwa wakisahau unga, wakicheza na vumbi jeupe mpaka kope, hadi mwenye kinu alipomwomba achague kati ya kuondoka na kuondolewa. Alirudi nyumbani anang'aa, akampigia shemeji alichokirekodi. "Hicho ni kinu," shemeji akasema. "Mimi nilicheza pampu."

Msomaji naye alishirikishwa katika msako huu, kila safari alipewa maelekezo atafute mashine ya namna gani, na kwa kuwa yeye katika mambo haya ni mtu wa kiwiko, kama mlivyoshuhudia, aliwahi kumnunulia kaka yake sokoni Lusaka sintesaiza nzuri ya kijivu, akaipitisha mipaka miwili ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na ilipofunguliwa hapa sebuleni ikawa ni mashine ya kutolea risiti dukani. Marehemu hakumcheka. Aliifungua, akachomoa kengele yake, akaitia katika wimbo wa Pasaka wa kwaya, na mpaka leo mkifika ule ubeti wa kaburi kuwa wazi, ile kengele mnayoisikia imetoka Lusaka. Shemeji ndiye aliyecheka, kwa niaba ya kaya nzima, kwa muda wa wiki moja.

Baadaye Elia, akiwa kazini Mwanza, alimletea baba yake mashine ya kisasa, ndogo kama kitabu cha nyimbo, yenye kioo, inayoweza kurekodi sauti yoyote na kusogeza pigo kwa unene wa unywele, na ina kitufe ambacho Elia alieleza kwamba ukikibonyeza mashine inapiga kama binadamu. Mzee akakibonyeza, akasikiliza, akasema, "Wamemweka binadamu, wakasahau kumpa mzigo wa kubeba." Lakini aliipenda, akawa anatembea nayo mpaka shambani, na mara mbili ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya jirani yetu Agustina, huku mchungaji wao, yaani yeye, akiwa amevaa spika za masikio.

Tarehe 9 Februari 2019 marehemu alianguka akiwa anafunga spika kanisani, akapelekwa hospitalini mjini Tarime, ikaonekana ni kiharusi, upande wa kushoto. Alirudi nyumbani mwezi Machi, mguu unaburuta, mkono wa kushoto unasikia amri lakini unafika umechelewa, na siku ya tatu akaomba awekewe ile mashine ndogo mapajani. Alipiga kwa mikono miwili, wa kulia ukafika kwa wakati, wa kushoto ukakawia, ukalemea, kisha ukajitahidi kuufikia mwenzake, na mtu huyu, ambaye daktari alikuwa amemwandaa kwa huzuni na kuwaonya ndugu kwamba wagonjwa wa namna hii hukata tamaa, akaanza kupiga kelele, "Robi! Robi! Umekuja wenyewe! Nimepewa pampu!"

Shemeji alitoka jikoni mikono ina unga, akamkuta anacheka upande mmoja wa uso, akamfuta mate, akamwambia apige ausikie. Akapiga. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema ulikuwa karibu, na kwa mtu aliyeishi miaka yote hiyo na "hicho ni kinu", neno hilo lilikuwa kama kuambiwa lango limefunguliwa nusu.

Hapo ndipo alipokosa utulivu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alikuwa akimwamsha Elia, aliyekuja nyumbani kumuuguza, arekodi, akifuta alichorekodi, akiwakimbia wauguzi wa mazoezi wasije wakaunyoosha ule mkono, maana aliogopa kwamba ukipona utapiga gwaride, na daktari wake akasema katika kazi yake yote hajawahi kabla ya hapo kumsihi mgonjwa akubali kupona. Sarah alimlilia, "Baba, tulia basi." Akamjibu, "Mwanangu, niko mlangoni, unaniambia nikae?" Shinikizo la damu likawa linapanda, dawa akizisahau, chakula kikipoa, na shemeji Robi akawa anakaa kitandani akiwa ameushika ule mkono wa kushoto ndani ya mikono yake miwili ili usifanye kazi, na hiyo ndiyo ikawa njia pekee ya kumlaza.

Kiharusi cha pili kilimjia tarehe 15 Agosti 2019, akarudishwa hospitalini Tarime, na tarehe 17 Agosti 2019, Jumamosi, saa nne asubuhi, akaaga dunia mke wake akiwa pembeni yake. Ameacha mjane, watoto wawili, mdogo mmoja asiyejua vinanda, na mashine zaidi ya meza zilizopo.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi wa Tarime, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akigonga reli za kitanda kutafuta kitu, inawashukuru majirani waliolisha wageni tangu Jumamosi, hasa mama Agustina, ambaye mahindi yake hayakuwahi kulipwa wala hakuwahi kuyadai, inawashukuru wanakwaya na mafundi wenzake wa pande zote mbili za mpaka, wakwe zetu wa Machochwe, na wale wachimbaji wa zamani wa Nyamongo waliosafiri kuja, ambao wamezeeka lakini tumewatambua kwa vicheko vyao.

Limebaki jambo moja. Katika ile mashine ndogo umekutwa mdundo aliourekodi siku moja kabla hajaanguka mara ya pili, hakuna aliyewahi kuusikia, hata Elia, na watoto pamoja na msomaji walikuwa wameomba upigwe hapa, kwenye spika alizozifunga kwa mikono yake, jeneza likiwa bado ndani, ili hatimaye ijulikane kama aliupata au hakuupata. Mchungaji aliridhia. Spika zimeunganishwa, safari hii na Elia. Leo asubuhi msomaji akaenda kumwomba ruhusa shemeji, akamkuta ameketi kando ya jeneza, mkono wake umelala juu ya mbao, akamwambia, "Shemeji, tunataka kuuwasha. Wewe ndiye pekee unayeweza kutuambia kama umekaa sawa."

Shemeji hakugeuka.

"Usiwashe, Ochieng. Akisikia palipokosewa atainuka akaparekebishe, na mimi leo ndiyo kwanza nimemlaza."